Nusu ya Chini ya Ukuta

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba niwasomee maisha ya marehemu, na kwa kuwa mimi ni shangazi yake niliyemlea, na kusoma najua ingawa niliishia darasa la saba, naomba utulivu, hasa kwa wanaonong'ona huko nyuma, maana hicho wanachonong'ona nitakifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1984, mtoto wa tatu wa kaka yangu, fundi bomba, akaanza shule ya msingi Januari 1992, na tarehe 3 Juni 1993 alianguka kifafa ubaoni, chaki mkononi, mwalimu akakimbia, watoto wakabaki, na tangu siku hiyo vidonge vikawa kitafunio cha chai yake. Alikuwa mtu wa kukurupuka, aliyetoka darasani kwa dirisha mlango ukiwa wazi, nami nikampa jina la Petroli, likamganda kuliko la baba yake, na sote tuliamini kifafa ni ugonjwa na kukurupuka ni utovu wa adabu, kimoja tukakipeleka hospitali, kingine tukakitibu kwa fimbo.

Alimaliza shule mwaka 1998, akajifunza kupaka rangi nyumba, na kwa kuwa daktari alimkataza ngazi, alipaka nusu ya chini ya ukuta, hadi mkono ulipofika, ya juu akamwachia mwenzake, mpango uliowachosha mafundi wengi, ingawa yeye aliwahi kuwaacha kabla hawajamwacha, na mwaka 2003 pekee aliacha kazi mara tano, moja akiondoka na brashi inayochuruzika.

Tarehe 11 Julai 2008 binti wa muuza rangi alipanda ngazi akampakia nusu ya juu, mstari wa katikati usionekane, naye marehemu akamchumbia papo hapo bila kunawa mikono, tukacheka kwamba moto huo utazimika ndani ya wiki, wakafunga ndoa tarehe 6 Septemba 2008, wakadumu miaka kumi na sita, wakajaliwa binti mwaka 2010 na mvulana mwaka 2014.

Kuhusu ugonjwa, nilikuwa na kalenda ukutani, kila akianguka natia alama, na Mei 2019 alilala siku tisa uso ukutani, kalenda safi kabisa, nikamwambia mbele ya mkewe, wewe ni mzima, baba, uvivu tu, amka, na kesho yake akamwaga vidonge vyote chooni, akaanguka mara nne kwa siku moja. Tukampeleka hospitali, kalenda nikaibeba, na daktari wa afya ya akili aliitazama akaniuliza, mama, siku alizolia ziko wapi, na siku alizoacha kazi ziko wapi, kisha akatueleza kwamba ubongo wenye kifafa unaweza pia kubeba sonona na kukurupuka, na vyote vina tiba. Akatibiwa, mkewe akachora alama za siku hizo nazo, na marehemu akajiwekea sharti, akipandwa na hasira haamui neno hadi rangi aliyopaka ikauke.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, kwa kifafa kilichomkuta usingizini, vidonge vya jioni alishameza, daktari amethibitisha, kwa hiyo wanaonong'ona kwamba alijiua, au kwamba mkewe alimchosha, wayameze maneno hayo hapa hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomlaza ubavu badala ya kumtia kijiko mdomoni, na mafundi wote waliompakia nusu ya juu. Jina la Petroli nililitoa mimi, leo nalirudisha, wanawe wasiitwe hilo. Sebuleni kwake ukuta umefika nusu, ya chini imeshakauka, ya juu mkewe ataimaliza.

Pumzika kwa amani, mwanangu, hakuna anayekuharakisha.