Kemshafti Mpya, Tapeti za Zamani

Ndugu waombolezaji, familia inasimama mbele ya Mungu na mbele yenu kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, ambaye karakana nzima ilimwita Fundi Kinyaa, naye jina hilo alilipenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mshona viatu na mkewe. Tangu utotoni hakugusa kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu, hata mama yetu akawa anamtania, "Wewe ulitakiwa uzaliwe ikulu, hapa ulipotea njia." Alianza shule mwaka 1963, akamaliza darasa la saba mwaka 1969, kisha akasomea umakanika kwa miaka miwili.

Mwezi Februari 1974 aliajiriwa katika karakana iliyo kando ya reli, akadumu hapo miaka arobaini na moja, na kinyaa chake kikahamia kwenye kazi za kulipua, zile zinazofanywa ovyo ili ziishe tu, kwani akikuta gasketi imezibwa kwa sabuni alitema mate, akauliza, "Aliyefanya hivi, na chakula anakula?" Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1981 na mshona nguo wa mtaa wa pili, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Tarehe 3 Agosti 2009 muuza maziwa alimletea pikapu yake kuukuu, kemshafti, ile fito yenye nundu inayofungua vali za injini, imelika. Marehemu alikuwa amewafundisha wenzake wote kwamba kemshafti mpya haifungwi na tapeti za zamani, vile vikombe vidogo vya chuma vinavyosukumwa na nundu zake, kwa sababu vimekwisha kulika kwa kuifuata ile ya kwanza, na vitaitafuna mpya. Lakini tapeti mpya zilizoletwa hazikuwa saizi yake, kuzibadilisha kungechukua siku nne, naye alishajigamba karakana nzima kwamba gari litatoka Ijumaa. Basi akazisugua zile nane za zamani kwa msasa, akazipaka oili, akazirudisha.

Siku ya kumi na moja injini ikaanza kugonga. Alipomwaga oili ilitoka ikimetameta vumbi la chuma, akajua palepale, lakini akamwambia muuza maziwa mbele ya watu, "Hii oili feki, kamuulize aliyekuuzia." Muuza oili wa kona aliapa kwa jina la Mungu, akazomewa, wateja wakamkimbia, na kabla ya mwaka kwisha duka likafungwa.

Tangu hapo marehemu alijionea kinyaa mwenyewe. Alinawa mikono hadi ikachubuka, akala hata mkate kwa uma, na siku aliposifiwa kanisani kwa uaminifu alitoka nje akatapika, mkewe akidhani ni vidonda vya tumbo. Mara mbili alifika mlangoni kwa muuza oili, mara mbili akageuza, na woga huo nao ameagiza usomwe.

Mwezi Januari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akalazwa mara tatu, na kitandani akamweleza mkewe yote. Mkewe akalia, akasema, "Baba watoto, msibani husemwa mema, niache nikuzike na heshima yako." Akajibu, "Mnataka kunipaka rangi juu ya kutu, mama? Mwiteni yule mzee, aje asikie." Alifariki tarehe 22 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliolibeba jeneza. Muuza oili ameitika wito, ameketi mstari wa nyuma. Mzee wetu, tunakuomba radhi, wala hatukulazimishi kuitikia leo.

Kaka, oili ya mzee huyu ilikuwa safi, na sasa mtaa mzima umesikia. Mungu akupumzishe kwa amani.