Bwana Gumba na Wageni wa Jukwaa la Juu

Leo, tarehe 30 Juni, Bwana Gumba, mhesabu watazamaji wa ukumbi wetu wa mieleka, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kusimama mlangoni. Alipaswa kuondoka miaka mitatu iliyopita. Kwa nini hakuondoka, nitaeleza mimi, maana nimechana tiketi kando yake miaka kumi na tisa na uvumi umezidi.

Jina la utani alilipata kwa kidole gumba chake cha kulia, kilichopinda kwa kubonyeza kile kidude cha chuma cha kuhesabia. Mtu mmoja, bonyezo moja, na "Karibu, pita." Hakuwahi kukosea. Mkewe, shemeji yetu, anasema hata siku ya harusi yao alijua wamekuja waalikwa wangapi kabla hajajua bibi arusi amevaa nini.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hesabu yake ilipelekwa kwa meneja, na meneja akaitia chumvi. Wakiingia mia nane, mtangazaji alipaza sauti ulingoni kwamba tuko elfu mbili. Wanamieleka walitunisha misuli, watu wakashangilia kujisikia wengi, na sisi tukacheka pembeni. Nani aliumia?

Ila Bwana Gumba hakutulia kidude chake kikisema hivi na mtangazaji vile. Basi alirudi mlangoni peke yake, mchana kweupe, akawabonyeza wale elfu moja na mia mbili waliopungua, mmoja mmoja. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu, kila mmoja alimwambia, "Karibu, pita." Alifanya hivyo miaka ishirini na nane.

Mama mfagiaji ndiye aliyegundua kwanza. Viti vya jukwaa la juu hujikunja vyenyewe mtu akiinuka. Jumatatu moja asubuhi alikuta safu nzima imefunguka, na alipoweka kiganja juu ya kiti kimoja, kilikuwa na joto. Tulimtania kwamba anahitaji likizo. Mwezi uliofuata shangwe zilianzia huko juu, ambako hatukuuza tiketi hata moja, kabla mwanamieleka hajaanguka. Siku hiyo utani uliisha. Mimi niliogopa, na bado naogopa.

Bwana Gumba peke yake hakushangaa. Alisema amekaribisha watu zaidi ya laki nne na hajamuaga hata mmoja, sasa wangetokaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa walikuwa na miaka ishirini na nane na jembe hawajaliona. Barua yake ya kustaafu akairudisha mfukoni.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi, alifungua mlango wa kutokea, akajibanza kando kupisha njia, akabonyeza na kusema, "Kwaheri, asante kwa kuja." Mia nne kwa siku, mia tano miguu ikimruhusu. Wale wapya wa meneja aliwaaga siku ileile. Kila alipoaga, huko juu kiti kimoja kilijikunja, kisha kikafunguka tena, kwa aliyekuwa amesimama akingoja nafasi. Nimesikia kwa masikio yangu. Shemeji alimletea chai na kuketi nje kwenye ngazi. Siku moja aliniambia kwamba anachomwomba Mungu ni kurudishiwa mumewe angali anatembea.

Wa mwisho alitoka Jumanne iliyopita. Viti vyote vilikuwa vimejikunja. Bwana Gumba alifunga mlango, akalia, na shemeji akamshika mkono.

Jana yakaletwa majalada ya kijitabu hiki cha kumuaga. Waalikwa wa leo ni themanini na sita, nimewahesabu mwenyewe. Meneja, kwa mapenzi na mazoea, amechapisha "mbele ya wageni elfu moja". Bwana Gumba alilisoma jalada, akavua koti, akanyoosha mkono kukichukua kidude. Nikamuwahi kukichukua.

Kaka, asante kwa miaka yote uliyosimama ili sisi tukae. Ondoka na shemeji sherehe ikiisha, kula ukiwa umeketi, na usihesabu chochote tena. Tunakutakia uzee mwema na miguu isiyouma. Usigeuke nyuma ukisikia viti vikifunguka. Hao mia tisa na kumi na nne ni wangu.