Mzee Anselm Lugembe na Watu wa Behewa

Ndugu waombolezaji, marehemu Mzee Anselm Lugembe alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Lusu, Nzega, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga na karanga. Tangu utotoni alikuwa mchache wa maneno, na mtu mchache wa maneno haaminiki kirahisi. Mama yake mzazi alipokuta mtungi umepasuka, alimtazama yeye kwanza, hata kama siku hiyo hakushinda nyumbani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lusu, kisha akapelekwa shule ya ufundi ya mapadre, alikojifunza useremala. Mwaka 1972 aliajiriwa na shirika la reli hapa Tabora, akawa fundi wa sakafu, viti na madirisha ya mabehewa mpaka alipostaafu mwaka 2011. Kazi aliyojivunia ilikuwa moja. Mvua za 1979 zilipoondoka na daraja la magogo la kijito cha Kalala, behewa kuukuu lilibebwa likalazwa juu ya maji, ncha moja huku na nyingine kule, na Anselm ndiye aliyeling'oa viti na kulitandika mbao za mninga. Watu waliingia kwa mlango mmoja wakatokea kwa mwingine. Mvua ikinyesha walijibanza humo, na Bi Bertila aliwauzia vitumbua dirishani. Mwaka 2004 lilijengwa daraja la zege, na behewa likakatwa vipande likauzwa kama chuma chakavu.

Alifunga ndoa takatifu na Bibi Yustina, binti wa Ziba, tarehe 18 Septemba 1976. Bibi Yustina si mtu wa kumeza kitu bila kukinusa. Posa ilipofika, alimtuma shangazi yake apande basi hadi Tabora kuchunguza kama kijana huyo kweli ana kazi, na kama hana mwanamke mwingine kwenye kota za reli. Shangazi akarudi na jibu: "Kazi anayo. Mwanamke sijamwona. Ila ananyamaza mno, mwanangu, na anayenyamaza hivyo ana jambo." Bibi Yustina alimkubali, lakini neno la shangazi hakulitupa. Alilitunza miaka yote ya ndoa, akisubiri jambo lenyewe lijitokeze.

Likajitokeza mwaka 2021. Kijiweni kwa Majidi, fundi baiskeli wa mtaa wa Isevya, mzee alisimulia habari za daraja lile, na vijana wakamcheka kwamba anaota: behewa liwe daraja? Hakubishana nao. Alinunua kufuli, akajifungia chumba cha uani, akaanza kujenga mfano wa daraja lile, mdogo wa kuenea juu ya meza. Makopo ya samaki yakawa ukuta wa behewa, spoku za baiskeli zikawa vyuma, mchanga na nyasi kavu vikawa kingo za kijito. Hakumweleza mtu yeyote, hata mkewe, maana alitaka kazi ikamilike kwanza ndipo awaite waliomcheka.

Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianzia kwa watu. Kwake yeye, daraja lisilo na watu lilikuwa bati tu, kwa hiyo akachonga watu wa mninga, wa urefu wa kidole, na akataka kila mmoja avae nguo yake mwenyewe. Basi akawa anawaendea wazee waliolivuka enzi hizo. Anasalimia, anakunywa maji, kisha anaomba kipande cha nguo. Kwetu huku, ndugu zangu, mtu akikuomba chumvi usiku unamfikiria mara mbili. Akikuomba kipande cha nguo uliyoivaa, unaita watoto waingie ndani. Mzee Ngollo, rafiki yake wa siku nyingi, alimkatia pindo la koti. Kabla ya Pasaka akafariki. Bi Bertila akamchania ncha ya khanga, na mvua zile zile naye tukamzika. Hakuna aliyejiuliza habari ya umri. Ngollo alikuwa anakaribia miaka tisini, na Bertila alikwisha kupakwa mafuta ya wagonjwa mara mbili.

"Spoku nitampa," Majidi aliwaambia watu kijiweni, "lakini nguo yangu haipati ng'o! Mmeona wapi mtu anakusanya nguo za wenzake, halafu anazifungia kwa kufuli?"

Akina mama wakawa wanaanua khanga kila wakimwona anapita. Bibi Yustina aliyasikia yote, na alimtetea mumewe kwa ukali, mpaka siku alipofungua sanduku akakuta kitenge chake cha harusi kimekatwa pembe, kwa mkasi, tena vizuri kabisa. Aliketi chini.

"Baba Eustadia, nguo yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Nitakuonyesha, Mama Eustadia. Bado haijawa tayari."

Jibu gani hilo la kumpa mtu mwenye hofu? Tangu siku hiyo Bibi Yustina alihamia chumba cha binti yao Eustadia. Chakula alimpakulia mumewe kama kawaida, lakini maji yake ya kunywa aliyachota mwenyewe na kuyafunika. Alimpenda na alimwogopa, vyote kwa pamoja, na kuishi hivyo kulimchosha kuliko uzee.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 2024, na tarehe 3 Februari 2025 alilazwa hospitalini Kitete. Kesho yake Bibi Yustina alichukua ufunguo kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, akaingia chumba cha uani. Behewa lilikuwa zuri hata akasahau kuogopa. Ngollo alikuwemo na koti lake. Bertila alikuwepo dirishani na khanga yake. Alijitafuta dirisha kwa dirisha, asijione. Hapo hofu ikamrudia kwa nguvu zaidi, maana kama hayumo humo, kitenge chake kinafanyiwa nini?

Alifika Kitete na swali hilo hata kabla hajafungua chupa ya uji. Mzee akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mdogo wa mninga, amejifunga kitenge.

"Wewe nilikuchonga wa kwanza," alisema. "Ulikuwa mlangoni na beseni lako. Bertila alipofariki, nikakutoa."

"Kwa hiyo na wewe unayaamini hayo?"

"Siyaamini. Lakini ningekuachaje mle? Nikikosea, nitakupata wapi tena?"

Bibi Yustina alilia. Kisha akamgombeza kwa kumwacha adhanie mabaya muda wote huo, na mgonjwa wa kitanda cha jirani ni shahidi. Kisha akamlisha uji. Mzee Anselm alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana wanaume walifika msibani, lakini wakakaa ng'ambo ya barabara. Majembe walikuja nayo, na hakuna aliyeyagusa. Walitaka kwanza kujua kilichomo chumbani. Bibi Yustina, ambaye kwa desturi hapaswi kuinuka mkekani, aliinuka. Aliagiza meza itolewe uani na vyote vilivyo juu yake. Akapaka gundi miguu ya yule mwanamke wa mninga, akamkandamiza mlangoni mwa behewa watu wote wakiona.

"Haya. Huyo ni mimi, na hiyo ni nguo yangu," alisema. "Nikifa kesho, nimekufa kwa uzee. Sasa nani anamchimbia mume wangu?"

Majidi ndiye aliyevuka barabara wa kwanza, akaokota jembe.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Yustina, ambaye leo asubuhi alikunywa chai akaomba aongezewe sukari. Watoto watano wakiongozwa na Eustadia. Wajukuu kumi na wanne. Na dada mmoja huko Lusu. Ameacha pia behewa lenye nafasi nyingi. Tangu mapambazuko majirani wanaleta vipande vya nguo na kuviweka pale mezani, na Majidi ameng'oa mfuko mzima wa shati lake la kazi. Fundi wa kuwavalisha hayupo tena. Mungu amvushe salama, ampumzishe.