Mzee Mkondo na Mshale Uliokwenda Chini ya Sifuri

Mpendwa wetu, aliyejulikana kwa wote kama Mzee Mkondo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu stashahada ya umeme mwaka 1973.

Januari 1974 aliajiriwa kwenye visima vya mafuta, kwenye zile pampu zinazoinamisha na kuinua kichwa kutwa kucha. Alikuwa akibana mita kwenye waya wa mota, anautazama mshale, kisha anakwambia yanayotokea kilomita moja na nusu chini ya ardhi, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Waliomwona walipigwa na butwaa.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na mshona nguo wa mtaa wa pili. Alipompeleka kuziona pampu, bibi harusi alicheka: "Kumbe umezoea wanaoitikia ndiyo siku nzima! Kwangu usitegemee hayo."

Mei 1996 lilitokea jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe leo. Pampu ya kisima namba kumi na nne ilikuwa imevunja giaboksi tatu, yaani masanduku ya gia, ndani ya mwaka mmoja, na lawama zote zikamwangukia mwendeshaji wake, Mama Mikanda, aliyekuwa akilea watoto wanne peke yake. Barua ya kumfukuza ilikwisha kuchapwa. Wiki hiyo ikaletwa mita mpya, ya kupima nguvu ya umeme na si mkondo wake peke yake. Mzee Mkondo akaifunga. Kila mara kichwa cha pampu kilipopanda, mshale ulishuka chini ya sifuri. Akavua kofia, akapima tena.

Vyuma vya kusawazisha pampu, vinavyoshuka kichwa kinapopanda, vilikuwa vizito kupita kiasi. Vilipoanguka, vyenyewe ndivyo vilivyoisukuma mota, ikarudisha umeme kwenye waya. Mita ya zamani ilionyesha ukubwa wa mkondo, haikuonyesha unakoelekea. Naye kwa miaka saba alidhani mota imelemewa, akaamuru vyuma viongezwe. Giaboksi zile, zilizoshindwa na uzito huo, alizivunja yeye.

Wakila chakula cha mchana nyumbani alimweleza mkewe, naye akamuuliza, "Baba watoto, ukisema si watakushusha cheo?"

"Watanishusha."

"Na usiposema?"

"Yule mama atafukuzwa kwa kosa langu."

"Basi kula upesi urudi kazini."

Alisema, mbele ya meneja na mafundi wote. Akashushwa cheo. Vyuma vikapunguzwa, umeme uliotumika ukapungua kwa robo, na giaboksi iliyofuata ikadumu miaka tisa. Wanaoijua kazi yao ni wengi. Anayekubali kazi yake imkosoe hadharani ni nadra kumwona.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2021 alianza kuugua figo, na alifariki asubuhi ya tarehe 12 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla, binti yake mkubwa alimsomea wasifu huu, ukiwa umejaa sifa tupu. Akamkatiza: "Mmeandika visima nilivyoviponya. Nilichokiumiza kiko wapi? Kiandike, mwanangu."

Tumekiandika.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba na dada yake mdogo. Mama Mikanda, aliyefanya kazi hadi akastaafu kwa heshima, ameketi safu ya kwanza pamoja na familia, kwa ombi la mjane. Mwenyezi Mungu ampokee mja wake na amjalie pumziko la amani.