Caritas Asekon, Mama Aliyefundisha Kutupa Gunia

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Kakuma mjini na wa kambi ya wakimbizi, nanyi mliosafiri tangu jana kutoka Kataboi na Lodwar, ejok, salamu kwenu. Familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu, Ekaale, mwalimu wa shule ya msingi huko Lodwar, asome maisha ya dada yake, naye anaomba kusema mapema kwamba dada huyo hakupenda mtu wa kuzungukazunguka, kwa hiyo yatasomwa yaliyokuwa, na palipo na kichekesho chekeni, maana angekuwa hapa angetangulia yeye kucheka.

Caritas Asekon alizaliwa tarehe 3 Juni 1971 huko Kataboi, karibu na ufuo wa Ziwa Turkana, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Ethuro na Mama Akeno, ambao wote wawili wameshatangulia. Akiwa na miaka sita alikuwa tayari anachota maji, na mama yake, aliyekuwa mpole kwa mengi, alimfundisha jambo moja kwa ukali, kwamba msichana hadondoshi mzigo, mzigo ukiyumba kichwani ni mwili unaoufuata, na msichana aliyedondosha mtungi njiani alichekwa mpaka siku ya kuolewa. Asekon hakuwahi kudondosha, na somo hilo tutalirudia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1981 huko Kataboi, akahamia Lodwar mwaka 1984, akafika darasa la sita, na mwaka 1986 ukame ulipomaliza mbuzi wa baba yake akatolewa shuleni ili wadogo zake wasome, akiwemo huyu anayesoma maneno haya. Alikuwa akisema kwamba walimtoa darasani katikati ya desimali, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza zinaishia wapi, na alilisema akicheka, lakini mdogo wake alijua kuwa hakucheka moyoni.

Kuanzia mwaka 1987 hadi 1992 alikuwa mpishi katika bweni la wanafunzi mjini Lodwar, na tarehe 18 Septemba 1993 akafunga ndoa na Ekuru, mfugaji na mfanyabiashara wa ngozi wa hapa Kakuma, ng'ombe na mbuzi wa mahari wakakamilika mwaka 1996, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akafariki mchanga, wa pili ni Ekal, anayevua samaki Todonyang, na wa tatu ni Akai, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1998. Ekuru alifariki kwa ugonjwa tarehe 11 Oktoba 2006, na tangu siku hiyo nyumba ilisimama juu ya gunia la mkaa ambalo Asekon alilibeba kichwani kutoka porini, akavuka mto mkavu wa Tarach, akaliuza kambini kwa wateja waliomjua kwa jina na kwa uzito wa mkaa wake.

Jumatano tarehe 14 Machi 2012, asubuhi, kwenye kona ya mto penye migunga miwili, vijana wawili walimtokea kutoka vichakani, wakachukua gunia, panga na viatu, na kwa kuwa aling'ang'ania gunia kwa mkono wa kushoto, wakauvunja mkono huo kwa rungu. Alitembea peku hadi nyumbani. Juma lililofuata, mkono ukiwa umefungwa plasta, Akai, aliyekuwa darasa la saba, aliweka vitabu juu ya paa la jiko, akachukua gunia tupu, akaenda porini badala ya mama yake, na Asekon akakaa mlangoni kutwa nzima akiangalia njia, na binti aliporudi salama alimwambia maneno ambayo Akai mwenyewe ametuomba tuyasome: "Wewe utarudi shule, mimi nitarudi njia. Lakini sitarudi kama vile nilienda."

Ndugu waombolezaji, wengine walimwambia ahamie biashara nyingine, wengine wakamwambia mwanamke hana la kufanya mbele ya wanaume wawili, naye akawajibu kwamba hilo bado hajalipima. Alikuja Lodwar kwa ajili ya kliniki ya mkono, akakaa kwa mdogo wake tangu Aprili hadi Juni, na jioni ya pili tu akauliza ni wapi watu wanafundishwa kupigana. Alipelekwa kwa mwalimu Ekidor, aliyefundisha vijana karate katika ukumbi wa kanisa, akasimama safu ya nyuma, mama wa miaka arobaini na kitu mwenye plasta, kati ya wanafunzi wa sekondari waliovaa mavazi meupe. Alinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la sita, na daftari hilo liko hapa mezani. Ukurasa wa kwanza unasema: "Karate. Sauti nzuri, inatoka tumboni, mtu anashtuka. Kiwiko kizuri. Mguu ni wa sakafu ya simiti, kwa mchanga unazama." Alimuuliza mwalimu mbele ya darasa zima, "Mwalimu, hii mguu yangu ikienda huko juu, na mtoto iko mgongoni, mtoto atashika wapi?" na Ekidor, ambaye yupo nasi leo, anakiri kwamba hakulala vizuri usiku huo.

Aliporudi Kakuma mwezi Julai aliingia kambini kwa Adolphe, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyefundisha judo juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja na kujazwa majani. Adolphe alimwambia, "Mama, ukisha jua kuanguka, hauogope tena mutu," akamfundisha kuanguka kwa mgongo, na wamama wenzake wa mkaa aliokuwa amewaleta wakatazamana, kwa sababu watatu kati yao walikuwa na watoto mgongoni na hakuna aliyekuwa tayari kuwaangukia. Aliendelea hata hivyo, akajifunza kumshika mtu nguo za kifuani na kumgeuza kwa nyonga, na hapa ndipo huyu anayesoma alipoingia katika historia kwa aibu, maana alikuja likizo ya Agosti amevaa shuka lililofungwa begani kama mwanamume yeyote wa kwetu, dada yake akamwomba ajifanye jambazi, akamshika shuka kifuani kama alivyofundishwa, akavuta kwa nguvu zake zote, fundo likafunguka, yeye akaenda chini na shuka mkononi, na mdogo wake akabaki amesimama na kaptura tu mbele ya wamama kumi na wawili. Daftari linasema: "Judo. Nzuri kwa mtu wa koti. Huku ukishika shuka unabaki na shuka."

Mtu wa tatu alikuwa Lueth, mwanamieleka kutoka Bor, aliyeletwa na Anyieth, mteja wa mkaa ambaye kwa miaka mingi alikuwa rafiki kuliko mteja. Lueth hakuhitaji nguo ya kushika, alishuka chini, akakamata mguu nyuma ya goti, akainua, na mtu mzima akalala mchangani. Asekon aliipenda mieleka ya Wadinka kuliko yote, akaandika kwamba ndiyo pekee iliyozaliwa kwenye mchanga, lakini Lueth alipomwambia, "Yeye ameanguka, maneno imekwisha," alimjibu kwamba kule kwenye kona ya mto maneno ndiyo kwanza yanaanza, na kwamba huyo wa pili hatasimama pembeni kupiga makofi.

Walimu hao watatu, kila mmoja akiamini wake ndio mtindo wa kweli, walibishana mpaka Asekon akachoka, akawaita Jumamosi tarehe 8 Desemba 2012, saa tatu asubuhi, kwenye mchanga wa Tarach, si kwa mashindano ya ulingoni, ila kila mama apite na gunia lililojaa na wanaume wawili wamtokee ghafla. Walipita wanane. Wanane wote walishindwa, Asekon akiwa wa kwanza, na si kwa sababu ya karate, wala judo, wala mieleka, bali kwa sababu kila mmoja wao, alipotokewa, alipandisha mkono mmoja kushika gunia lisianguke, akapigana kwa mkono uliobaki. Miezi mitano walikuwa wamefanya mazoezi mikono mitupu, na hakuna mwalimu aliyekumbuka kichwa kilichobeba mzigo. Asekon alikaa juu ya gunia lake, akasema, "Ni mama yangu ameshika hii mkono," na wamama wakamwelewa bila kuelezwa.

Tangu siku ile somo la kwanza kabla ya salamu lilikuwa kutupa gunia. Msidhani lilikuwa jepesi. Kuna mama aliyelia mara ya kwanza, na mwingine alisema afadhali apigwe, maana mkaa ukianguka unakuwa vumbi, na Asekon akalitupa lake mbele yao, akalibeba, akalitupa tena, tangu asubuhi hadi jua la utosi, mpaka mkaa wake wa siku tatu ukawa unga, na yeye mweusi kuanzia nywele hadi vidole. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, alichukua sauti kwa Ekidor, kwa Adolphe akachukua ujuzi wa kuyumbisha mtu, goti akalichukua kwa Lueth, akavipanga hivi: gunia miguuni pa wavamizi, sauti ya wote kwa pamoja, mguu wa aliye karibu, kisha mbio, na asikae mtu kutazama nani ameshinda.

Jumanne tarehe 19 Februari 2013, kwenye kona ileile, Asekon, Anyieth na mama mwingine mmoja walitokewa na wanaume wawili. Kama walikuwa walewale hakujua, na hakutaka kumsingizia mtu. Magunia matatu yalishuka kwa mkupuo mmoja, wakapaza sauti iliyosikika hadi kwa wachungaji ng'ambo ya mto, mwanamume wa mbele akajikwaa kwenye gunia, Asekon akamkamata nyuma ya goti, akainua, akamwacha mchangani, na wote watatu wakakimbia wakafika. Alasiri walirudi wamama ishirini na wawili, wakakuta mkaa umemwagika na kiatu kimoja cha akala, cha mpira wa tairi, wakaokota mkaa, na kile kiatu Asekon akakitundika juu ya mlango wake, ambako kipo mpaka leo. Akai siku hiyo alikuwa darasani, na jioni alipoambiwa alimuuliza mama yake kama aliogopa, akajibiwa, "Niliogopa sana, na mkono ikaachilia." Kila akilifikiria jibu hilo, huyu anayesoma hujivunia kuzaliwa na dada huyo.

Mwezi Mei 2013 alianza kusikia maumivu ya tumbo upande wa kulia, akayafanya siri, akaendelea kubeba, na tarehe 17 Juni alianguka nyumbani, akapelekwa hospitalini Lodwar, ambako madaktari waligundua ugonjwa wa ini uliokuwa umekwenda mbali. Isemwe wazi, kwa kuwa maneno ya mtaani ni mengi, hakufa kwa pigo la mtu. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na kitandani alimwita kila aliyekuja kumwona amwonyeshe jinsi anavyotupa gunia, muuguzi mmoja akatupa mto wake mara tatu kabla hajapata alama. Wiki ya mwisho alimkabidhi Akai daftari, akamwambia mtihani wa darasa la nane ni Novemba na kifo chake kisiwe sababu, kisha akamuuliza desimali zinaishia wapi, na Akai akakaa kando ya kitanda akamfundisha, mchana mzima, mpaka akaelewa. Alifariki Jumanne tarehe 13 Agosti 2013, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kanisa, majirani waliopika na kuchota maji siku hizi nne, Ekidor, Adolphe na Lueth, ambao leo wamebeba jeneza pamoja bila kubishana ni mtindo upi, na wamama wa mkaa, ambao wameahidi mbele ya mwili wake kwamba Akai hataonekana njiani na gunia mpaka amalize shule, na kwamba Jumamosi ijayo mazoezi yapo kama kawaida, mchangani, saa tatu.

Dada, toka Kataboi ukiwa na miaka sita hukuwahi kupumzisha shingo. Mtoto yuko darasani, njia ina watu wanaopiga kelele. Achilia mkono, gunia liache lianguke, hakuna atakayekucheka. Pumzika kwa amani.