Uso Ulioitwa wa Shirazi: Maisha ya Karamatullah, Mchoraji wa Bikaner

Marehemu Karamatullah alizaliwa Bikaner tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa mchoraji Inayatullah na Bi Hamida. Ukoo huu ulitoka Shirazi, na haujawahi kuona haya kulisema.

Alisoma hadi darasa la nane, kisha babu yake akamchukua karakanani. Huko kila picha ilipitia mikono mitatu: wa kwanza alichora mistari, wa pili alipaka rangi, na wa tatu, aliyekuwa bingwa wao, ndiye aliyefungua uso, yaani aliyechora macho, nyusi na kinywa. Sura za wanawake hazikubuniwa. Zilinakiliwa kutoka kipande cha ngozi ya paa kilichotobolewa matundu ya kupitishia unga wa mkaa, ambacho wazee walikuja nacho kutoka Uajemi: uso wa mviringo, nyusi zilizokutana, kinywa kidogo, kichwa kimegeuka kumwelekea mtazamaji. Wachoraji jirani waliwachora wanawake wao kwa upande, jicho moja refu. Babu alipenda kutania, "Bibi yetu ni wa Shirazi, sketi tu ndiyo ameazima hapa Bikaner." Marehemu alikuwa na miaka kumi na tisa alipoanza kufungua nyuso, na hakuna aliyemzidi.

Mwaka 1976 alichoka na uso ule wa ngozi. Katika picha iliyoagizwa na duka moja la mji wa Jaipur, akamchora dada yake Naseema, aliyekuwa mchumba wa mtu. Naseema hakuambiwa. Miezi miwili baadaye Bwana Yawar, mjomba wa mchumba wake, alisimama mlangoni mwa karakana akafoka, "Bibi harusi wetu anauzwa dukani!"

"Huo ni uso wa Shirazi," babu akajibu. "Una miaka mia tatu."

"Ahaa! Na huyo wa miaka mia tatu alianguka ngazi ipi, mpaka akapata kovu la nyusi kama la mjukuu wako?"

Marehemu alikuwepo, brashi mkononi. Akainama akaendelea kupaka rangi, asikiri kwamba ni yeye aliyemchungulia dada yake. Nani angemfungulia mlango mchoraji anayechungulia wanawake? Karakana ilinusurika, uchumba ukavunjika, na mjini ikasemwa kwamba Naseema aliketi kuchorwa mbele ya mwanamume wa nje. Hakuolewa.

Tarehe 9 Novemba 1979 marehemu alimwoa Bi Farzana, mwalimu wa historia, wakajaliwa watoto wawili. Alichora bustani, farasi na wafalme, akapata tuzo ya jimbo mwaka 1994. Uso wa mwanamke hakuufungua tena. Wageni waliposifu ucha Mungu wake, alitoka chumbani, na familia iliwaacha wageni waamini hivyo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Aliyemlisha uji ni Naseema. Wiki yake ya mwisho alimwambia, mkewe akisikia, "Nilikuchungulia jikoni ukichemsha chai. Hukujua."

"Nilijua ni wewe, kaka. Nani mwingine angejua kovu langu lilivyopinda? Si wewe uliyenisukuma kwenye ngazi?"

Marehemu alicheka hadi akakohoa, kisha akalia. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, mzee wee. Ila mimi sikuaibishwa chumbani. Niliaibishwa mbele ya watu."

"Basi na isemwe mbele ya watu," akasema, akamgeukia mkewe. "Farzana, wewe ndiye msomi. Andika."

Alifariki nyumbani, alfajiri ya tarehe 17 Januari 2024. Wapo katika ukoo walioshauri kwamba maneno haya yasichapishwe, kwa heshima ya jina. Yamechapishwa, na leo yanasomwa, kwa heshima hiyo hiyo.

Marehemu ameacha dada, Bi Naseema, ambaye uso ule ulikuwa wake, na ambaye hakuketi mbele ya mchoraji yeyote; mjane, Bi Farzana; mwana, Danish; binti, Sabiha; na wajukuu watatu.

Apumzike kwa amani. Na Bi Naseema, aliyeketi hapa kati yetu, naye apewe amani ya kwake.