Regea, Papa

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe mara ya pili kwa niaba ya wale walioketi karibu na mlango na wameshaanza kuangalia saa. Sitakawia. Mnanijua, mimi si mtu wa maneno, mimi ni mtu wa magunia. Mama Mchungaji ameniomba miezi mitatu nisimame hapa, na miezi mitatu nimekuwa nikijificha nyuma ya kwaya, mtu mzima mwenye mwili kama kabati. Leo nimesimama kwa sababu tuna mgeni kwenye benchi ya tatu, na huyo mgeni mtamjua kabla sijakaa.

Kwa wale wapya, naitwa Wekesa. Nimezaliwa Kabuchai, kule Bungoma, katikati ya miwa, na hapa Kitale nina miaka tisa. Kazi yangu ni kubeba mahindi katika stoo ya nafaka. Wengi wenu mnanijua kama yule wa mazoezi, na majirani zangu mnanijua kama yule anayewaamsha.

Ndugu zangu, mazoezi niliyapenda! Nyuma ya chumba ninachopanga nilijitengenezea vyuma vyangu mwenyewe. Nilichukua mikebe ya rangi, nikaijaza zege, nikachomeka bomba la chuma, nikangoja vikauke. Ubao juu ya matofali ukawa benchi. Ratiba niliiandika ukutani kwa makaa: Jumatatu kifua, Jumanne miguu, Jumatano mgongo, na kuendelea, na Jumapili kabla ya ibada tumbo. Alfajiri mikebe ilikuwa inagonga chini, du, du, na Mama Sharon wa chumba cha pili ananiuliza kupitia ukutani kama ninajenga ghorofa.

Na Alhamisi jioni na Jumamosi mchana nilikuwa karate. Najua wengine mmenisengenya kuhusu hiyo karate. Mmeuliza, mbona wanainamiana kama wanaabudu? Ngoja niwajibu hapa hapa. Kule ukumbini, kabla hujamgusa mtu, unainama mbele yake. Ni kumwambia kwamba unamheshimu na hutamuumiza kwa makusudi. Ni hivyo tu. Nawaomba muikumbuke hiyo, maana nitairudia.

Mwalimu wetu ni mama mmoja anayeitwa Nasimiyu. Siku za wiki anafundisha shule ya msingi. Ana miaka hamsini na kitu, kichwa chake kinanifikia hapa kifuani, na ameshaniangusha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Naye anatoka kwetu Bungoma, na ulimi wetu mnaujua. L na R kwetu ni mapacha, hata mama yao huwachanganya. Msicheke sana! Jumapili iliyopita mhubiri wetu alituombea tuvushwe katika bahali yenye dholuba na nyote mkasema amina.

Sasa sikilizeni. Kuna zoezi linaitwa kata, mpangilio wa ngumi na mateke unaoufanya peke yako, kama unapigana na watu wasioonekana. Kila nilipoanza, Mwalimu alinipigia kelele, "Wekesa, regea!" Na mimi ninarudi. Kwetu regea ni kurudi, si mnasema "nimeregea nyumbani"? Basi ninarudi kwenye mstari wa kuanzia, ninaanza upya, na ninakaza mwili zaidi kwa sababu nadhani nimekosea. "Regea!" Ninarudi. "Regea, bana!" Ninarudi mbio. Wiki tatu nzima, ndugu zangu, nilikuwa ninarudi!

Mwisho akaja, akaruka kidogo ili anifikie, akanishika mabega yote mawili na kuyashusha.

"Si nimekwambia uregee? Hii mabega imekaa kwa masikio! Regeza mwili. Nani amekwambia uludi?"

Ukumbi mzima ulilala chini kwa kicheko. Kumbe mama wa watu alikuwa anasema legea! Nilicheka na mimi, lakini yeye hakucheka. Aliendelea kunishika mabega, akaniambia kwa sauti ya chini, "Vyuma si mbaya, mwanangu. Hata mimi napiga. Lakini wewe umejikaza hata kama hakuna mtu anakupiga. Hiyo ni nini?" Nikamwambia ni magunia. Alinitazama vile walimu hutazama mtoto aliyesema mbuzi amekula daftari.

Haikuwa magunia. Na hapa ndipo ninapoomba mnisamehe, kanisa. Mliniuliza mara nyingi kwa nini siendi nyumbani, hata Krismasi. Niliwaambia baba yangu alinifukuza. Mkanionea huruma, mkaniwekea chakula, kina mama wa maombi wakafunga kwa ajili yangu. Nilidanganya! Nimeimba hapa na mikono juu na huo uongo umekaa mdomoni mwangu miaka tisa.

Ukweli ni huu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nimemaliza shule, na rafiki mmoja alikuwa amenifundisha karate ya kubahatisha, ya kushika mtu mkono na kuukunja. Siku hiyo papa, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alinikuta nafanya mateke kwenye kivuli cha nyumba wakati vijana wenzangu wa kijiji wako mashambani wanapalilia. Alinisema. Nikamjibu vibaya, jibu ambalo sitalirudia mbele ya watoto. Akainua fimbo. Na mimi nikamdaka mkono, huu wa kulia, nikaukunja kama nilivyofundishwa.

Papa alienda chini kwa magoti. Mbele ya mayi, mama yangu. Mbele ya dada yangu Nekesa na wadogo zetu. Sikuinama mbele yake, ndugu zangu, nilimshika tu baba yangu mzazi nikamshusha chini, na kwa muda mfupi nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi.

Alisimama, akapangusa udongo kwenye magoti ya suruali, akachukua jembe lake akaenda shambani. Hakunilaani na hakusema niondoke. Kama angenifukuza ingekuwa rahisi! Asubuhi yake nilifungasha nguo mwenyewe nikaja Kitale. Na tangu siku hiyo nikawa nabeba vyuma. Kwa nini mtu aliyemshinda baba yake aendelee kutafuta nguvu? Nimejiuliza sana. Nadhani niliogopa kwamba nikilegea hata kidogo, nitayaona yale magoti.

Mwaka huu, mvua zikianza, Nekesa alinipigia simu. Papa alikuwa ameanguka uani. Alikuwa amepooza upande wa kulia, na maneno yanatoka kwa shida.

"Mayi hawezi kumwinua," akasema. "Mimi nikijaribu, tunaanguka wote. Wekesa, wewe ndio uko na nguvu. Njoo."

Nikamwambia siwezi, papa alinifukuza. Nilikuwa nimeusema huo uongo mara nyingi mpaka ukanitoka hata kwake. Nekesa akasema pole pole, bila hasira yoyote, "Kakangu, si nilikuwa hapo? Nani alikufukuza?"

Nilikata simu. Ndiyo, mimi mnayeniita ndugu, nilimkatia simu dada yangu! Nikaenda nikaongeza mikebe miwili kwenye bomba.

Nilipiga vyuma siku tatu kama mtu aliyepagawa. Siku ya tatu, asubuhi, ilikuwa zamu ya kifua. Nimelala kwenye ubao, peke yangu, nikainua mara nane, mara tisa, na ya kumi ikakataa. Bomba likashuka likanikalia kifuani. Nikasukuma. Halikusogea. Nikasukuma kwa nguvu zote nilizowahi kuwa nazo, na kadiri nilivyokaza ndivyo pumzi ilivyokwisha. Nilitaka kumwita Mama Sharon nikakosa sauti. Ndugu zangu, nilijua ninakufa, na nilijua nitakufa mwongo.

Hapo ndipo nilipoisikia. Sisemi malaika alisimama. Nasema nilichosikia, na nilisikia sauti ya Mwalimu Nasimiyu, na ulimi wake wa Bungoma, ikiniambia, "Wekesa, regea."

Nikaacha kusukuma. Nikashusha mabega, nikatoa ile pumzi ndogo iliyobaki, mwili wote ukalainika kwenye ubao. Na kwa vile nililegea, niliweza kujigeuza kidogo. Mkebe wa kushoto ukaanza kushuka, bomba likalala upande, likateleza juu ya mbavu zangu na kuanguka chini kwa kishindo. Mama Sharon akapiga kelele, "Sasa imefika ghorofa ya ngapi?"

Nilibaki nimelala pale nikilia. Nikasema, Bwana, umeniambia nilegee au umeniambia nirejee? Na kabla sijamaliza kuuliza, nilijua. Yeye aliyeumba ulimi wetu anajua kwamba kwetu ni neno moja. Haleluya! Niliomba toba papo hapo kwenye ubao, jasho na machozi pamoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa mabega yangu yalikuwa mahali Mungu alipoyaweka.

Siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua nilikuwa Kabuchai. Mayi aliniona kutoka jikoni, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akanishika uso wote kwa mikono yenye unga. Hakuuliza chochote. Alinivuta mpaka chumbani.

Papa alikuwa mdogo! Sijui nitawaelezaje. Yule mtu niliyemwogopa utotoni alikuwa ameingia ndani ya blanketi moja na kulikuwa na nafasi iliyobaki. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kifua, umekunjika, hausogei. Mkono ule ule. Daktari amenieleza kwamba ugonjwa haukutoka kwangu, na nimemwamini, lakini macho yangu yalikataa kutoka pale.

Alitakiwa kutolewa kitandani akaoshwe. Nikasogea. Aliponiona, mkono wake mzima, wa kushoto, ukadaka ukingo wa kitanda, mwili wote ukakakamaa. Ndugu zangu, baba yangu aliniogopa. Hakuna gunia limewahi kunilemea kama hilo.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikaweka mikono kando ya mapaja, nikainama. Nilibaki nimeinama hivyo mpaka mayi akaanza kulia nyuma yangu. Nikasema, "Papa, nilikushika vibaya. Nilikuangusha mbele ya watoto wako. Ninaomba unisamehe." Kisha nikapiga magoti, magoti yangu sasa, nikapitisha mkono mmoja chini ya mabega yake na mwingine chini ya miguu, vile Mwalimu alinifundisha kubeba mtu aliyeumia, kwa kiuno na pumzi. Bado alikuwa amekakamaa, ameshika ukingo. Nikamwambia taratibu, karibu na sikio, "Regea, papa. Regea."

Alinitazama. Mdomo wake ulihangaika upande mmoja, ukatafuta neno, ukalikosa, ukalitafuta tena. Nikadhani anataka maji. Akasema, kwa shida, neno moja moja, "Si wewe... ndio... umeregea."

Na akaachilia ukingo wa kitanda.

Bwana asifiwe! Nilimbeba baba yangu mpaka nje kwenye jua la jioni, akiwa amelegea mikononi mwangu kama mtoto aliyeshiba, na mayi akamwosha. Mazoezi yangu yote ya miaka tisa, kumbe Mungu alikuwa ananiandalia kazi ya dakika mbili.

Sasa ratiba yangu ukutani imebadilika. Vyuma bado ninapiga, ila nimepunguza mikebe, na Mama Sharon anasema amepata usingizi. Alhamisi niko karate, na Mwalimu akisema regea silegei wala sirudi, ninamuuliza kwanza anamaanisha ipi. Jumamosi nimeandika kwa makaa neno moja tu, Papa. Ninaenda Kabuchai, ninamnyoosha ule mkono wa kulia, kidole kwa kidole, na ninamtembeza uani kwa fimbo. Mwezi jana ulishika kikombe cha chai. Nusu ya chai ilimwagika kwenye shati langu, na sijafua hilo shati.

Kama umekaa hapa na kuna mlango ambao umeambia watu ulifungwa, na wewe mwenyewe ndiye uliyeufunga, nakuomba kwa upendo, usingoje chuma kikukalie kifuani. Mwachie Yesu huo mzigo, yeye hana haja usukume. Halafu uende nyumbani. Ukiwa na hofu, sawa tu, fika hivyo hivyo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada yangu kwa lile swali lake, na Mwalimu Nasimiyu kwa ulimi wake, asiwahi kuurekebisha.

Yule mgeni wa benchi ya tatu mwenye fimbo na koti la kahawia ndiye papa. Amekuja kutoka Kabuchai kuona mahali mwanawe anaposali, na amesema anataka kusimama awasalimie. Naomba mtu asimsaidie, nitashuka mimi. Mtaniona nikiinama kwanza, msishtuke.

Papa, naja. Ni mimi. Regea.